Papasi Chini ya Kitanda cha Somoe

Jumatatu, tarehe tisa ya Mfungo Nane, mwaka tuliohamia vijiji vipya, saa nne asubuhi, mdogo wangu Somoe alifariki. Mwanawe wa kiume alimtangulia kwa siku moja. Aliishi siku mbili tu, hakufikia siku ya kupewa jina. Katika daftari la maabara, mbele ya jina la Somoe, kuna neno moja lililoandikwa mara mbili: hakuna. Mwandiko ni wangu.

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa maabara mliniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu ya zamani, mkasema mtaiweka pamoja na karatasi za kuwafundishia wanaoanza. Nadhani mlitaka visa vya kuchekesha vya siku tulizotumia jua badala ya umeme. Vipo, nitavitoa. Lakini mwaka huu alikuja pia yule mtafiti kijana mwenye visanduku vya barafu, akaniuliza kama ni kweli zamani watu wa huku walikuwa wakihama na papasi wao. Aliuliza kwa upole, kalamu mkononi, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu yake, na ndiyo yenu.

Shule yangu ni darasa la nne. Tulizaliwa Sudi, mimi na Somoe, baba yetu mvuvi. Mama alipofariki mimi nilipelekwa Kilwa Kivinje kwa shangazi, Somoe akabaki kwa bibi. Shangazi alikuwa akishona kofia za kuuza, nikajifunza kwake kutoboa vitundu na kuvizungushia uzi. Mwaka uliofuata Uhuru nikapata kazi hospitalini, ya kufagia. Chumba cha mwisho katika zamu yangu kilikuwa maabara, na humo alikuwamo Mzee Mkwanda, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa akizungumza zaidi na vioo vyake vya kupakia damu kuliko na watu.

Siku ya tatu akaniona nimesimama na ufagio nikimtazama.

"Wewe binti, unataka nini?"

"Sitaki kitu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mikono yako ina matundu ya sindano. Unashona?"

"Nashona kofia."

"Vitundu vidogo?"

"Vidogo kuliko hivyo unavyovihangaikia wewe."

Akacheka, jambo ambalo baadaye nilijua halikuwa la kila mwezi. "Njoo tuone kama jicho lako lina kazi au lina maneno tu."

Nikaweka jicho kwenye darubini. Nikamwambia naona dengu.

"Dengu hizo ndiyo damu," akasema. "Sasa nitafutie jiwe kwenye dengu."

Nililiona jiwe. Lilikuwa pete ndogo ndani ya dengu moja, yaani malaria. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kwa miezi mingi niliendelea kufagia asubuhi na kuosha vioo mchana, hakuna aliyenipa cheo wala mimi sikuuliza.

Mnaoanza, shikeni haya. Vioo vyetu vilikuwa vichache, vikioshwa na kurudiwa. Tulivichemsha kwa sabuni, tukavifuta kwa kanga iliyochakaa, maana kanga mpya huacha manyoya, na unywele mmoja wa pamba umewatia watu wengi magonjwa wasiyokuwa nayo. Kioo cha zamani kina mikwaruzo. Mkwaruzo hunyooka. Ukiona kitu kilichonyooka sana, usikipe jina. Damu iliyopakwa usiiache wazi mezani, nzi ataila yote kabla hujatia rangi, na hatakuachia majibu. Mwanga tuliupata kwa kigae cha kioo kilicho chini ya darubini, ukikigeuzia dirishani. Mzee Mkwanda alinikataza kukielekeza kwenye jua lenyewe. "Kilishe mawingu," alikuwa akisema. "Jua litakutoa jicho, na serikali haina jicho jingine la kukupa."

Mgonjwa aliyenifundisha kuliko wote alikuwa fundi mmoja wa kujenga, aliyerudi kutoka bara. Homa ilimjia siku tatu, ikamwacha wiki, ikarudi. Alikuja kwetu mara tatu akitembea kwa miguu yake, mzima, kutueleza jinsi alivyokuwa mgonjwa. Mara tatu damu yake haikuwa na kitu. Wauguzi wakaanza kumwita Bwana Jana. Mzee Mkwanda hakucheka. Akaomba fundi alazwe wodini bila ugonjwa, awe anakula uji wa bure na kungoja. Siku ya sita homa ikapanda, mzee akakimbia na sindano ya kutobolea kama mtu anayekimbilia mazishi. Alipomaliza akaniita.

Katikati ya dengu palikuwa na nyuzi. Nyembamba, zimekunjikakunjika. Ukishona kofia ukakosea, ukaufumua uzi, unabaki na mikunjo ya pale ulipopita. Zilikuwa vile vile.

"Homa ya papasi," akasema. Akanieleza kwamba papasi ni kupe wa sakafuni, wa rangi ya udongo, anayekaa katika nyufa za nyumba, anatoka mtu akilala, anakunywa, anarudi. Hana haraka. Nyumba ikihamwa anaweza kukaa miaka bila kula, akingoja mwingine ahamie. Nyuzi anazotia mwilini zinajaa katika damu wakati wa homa. Mwili ukizishinda, zinapungua mpaka huzioni, mtu anaamka anasema nimepona, kisha zilizobaki zinabadilika kidogo na kurudi, na mwili unaanza vita upya. Mwenye mimba ndiye anayeumia zaidi, yeye na kilicho tumboni. Dawa yake ni penisilini. Dawa ya malaria haizigusi.

"Damu ya homa," akasema, "ichukuliwe ndani ya homa. Ukiichukua nje ya homa, umejichosha na umemdanganya mtu."

Aliyasema hayo mbele yangu. Sikuambiwa na mwingine. Naliandika hili ili asije mtu akasema yule mama hakuwa na elimu, hakujua. Nilijua.

Mzee Mkwanda alikufa miaka michache baadaye, mimi nikiwa tayari na koti jeupe. Nilimlilia kimya kimya, kwa sababu hakuwa ndugu yangu na nisingeeleweka.

Kisha ukaja mwaka wa kuhama. Sitabishana na siasa, wenye elimu wanaijua. Kuna waliohama kwa hiari, wakapata shule na bomba, nawapongeza. Nasema niliyoyaona katika kijiji kimoja, upande wa bara ya Sudi, mbele ya Kilangala, na jina lake silitaji kwa sababu wajukuu wa watu hao wanaishi. Nilipelekwa huko na darubini moja katika sanduku la mbao, kufungua maabara ya zahanati. Nilifurahi. Wavuvi wa upande wa Sudi nao walikuwa wamepangiwa kijiji hicho wakalime, na miongoni mwao alikuwamo Mfaume, mume wa Somoe. Nilikuwa sijakaa karibu na mdogo wangu tangu utoto.

Somoe alikuja na mimba ya miezi sita, godoro la sufi na kuku wawili. Aliponiona na koti akaweka mikono kiunoni.

"Haya, daktari! Mbona hukuniletea hata kipande cha sabuni?"

"Mimi si daktari, Somoe."

"Najua. Nakutania. Daktari hawezi kuwa na visigino kama hivyo."

Huyo ndiye Somoe. Msomaji amjue hivyo, si kwa jina katika daftari.

Kijiji kilijengwa kwa amri mbili za Katibu wa kijiji. Ya kwanza, hakuna kukata miti mipya, kila mtu avunje nyumba yake ya zamani kule vilimani na kuleta nguzo, milango na vitanda. Ya pili, familia za pwani zikae ndani ya nyumba za Wamwera, watu wa vilima, waliotangulia mpaka zao zikamilike. Zilichukua mwaka kukamilika, kwa kuwa asubuhi yote ilikuwa ya shamba la kijiji. Aliyetoa amri hizo alikuwa na nyumba ya saruji aliyojengewa.

Somoe na Mfaume walipewa chumba kwa Bibi Salima, mjane wa Kimwera, mkarimu, mwenye sauti ya kupasua kuni. Nilikuwapo siku bibi huyo alipoingia nyumba yake mpya pamoja nao. Kichwani alikuwa amejitwika kitanda, na mkononi kifuu cha nazi kilichofunikwa kitambaa. Nikamwuliza amebeba nini kwa uangalifu hivyo.

"Wenyeji wangu," akasema. Akafunua. Ulikuwa udongo wa sakafu ya nyumba yake ya zamani, na ndani ya udongo papasi, kama punje za mtama zilizokauka. "Hawa wamemlea mama yangu, wakanilea mimi. Mtoto akiumwa nao mapema, anaugua kidogo, anazoea. Nyumba isiyo na papasi, mtu wake siku akilala kwa watu anakufa."

Nilicheka. Nilimwambia, "Bibi, huo ni uchafu, mwaga," nikaenda zangu kupanga vioo. Sikumfuata kuona alimwaga wapi.

Yule mtafiti kijana aliniambia kwamba bibi hakuwa mjinga. Mwili unaoumwa tangu utotoni hujifunza, na mama humpa mwanawe sehemu ya kinga hiyo. Papasi, nyuzi na watu wa vilima walikuwa wamezoeana vizazi na vizazi, kila mmoja anaishi na mwenzake kwa shida lakini anaishi. Alichokosea bibi ni kudhani kwamba kinachomlinda yeye kitamlinda kila alalaye kwake. Nani alimpa mgeni ambaye damu yake haijawahi kuonja kitu hicho? Hakwenda pwani kumtafuta. Alipewa kwa amri, na orodha yenye mhuri.

Sasa zahanati. Mganga wetu alikuwa kijana nadhifu, mwenye kupenda taratibu. Alikuta foleni ya homa kila siku, na vioo havitoshi, mafuta ya lenzi chupa moja. Akabandika tangazo: damu itachukuliwa Jumanne tu. Siku nyingine mwenye homa apewe klorokwini, dawa ya malaria, arudi Jumanne. Ufunguo wa sanduku la darubini na wa kabati la dawa akaufunga kwenye mkanda wake. Nilimwambia kwamba damu ya homa huchukuliwa ndani ya homa.

"Nani kasema?"

"Mzee Mkwanda, aliyenifundisha."

"Alisoma chuo gani?"

Nikanyamaza. Yeye alichukulia kunyamaza kwangu kuwa ni jibu, na mimi nikakubali lichukuliwe hivyo.

Jumanne za kwanza nilipata malaria nyingi, nikaziandika. Lakini wengi wa wale wa pwani hawakuwa na kitu. Walikuja wamekonda, macho ya manjano, wakasema wiki iliyopita nilikuwa nakufa. Nikapaka damu, nikatafuta kioo kizima kutoka ncha hadi ncha, nikaandika nilichokiona. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Katibu akaomba daftari hilo apelekewe kila Jumatano. Asiyekuwa na kijidudu katika daftari hakupewa ruhusa ya ugonjwa. Alilisoma kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya majembe, jina moja moja.

"Mfaume, maabara inasema hakuna. Hadija, hakuna. Somoe, hakuna. Jamani, ninyi watu wa pwani mna homa gani hii inayoogopa darubini?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa kule kule pwani, anayetetemeka, akajibu, "Ndugu Katibu, inaogopa Jumanne tu. Siku nyingine haina adabu." Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari. Mtu alikuwa ameyasema yote, kwa mzaha, mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyesikia, hata mimi.

Homa ya kwanza ya Somoe ilianza Alhamisi. Alipewa klorokwini. Jumamosi jioni ikashuka, akasema dawa imemkubali. Jumanne nikamtoboa kidole, tunataniana, mwili wake wa baridi. Hakuna. Homa ya pili ikaja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumapili nilimkuta Bibi Salima anamkanda kichwa, na Somoe anatetemeka mpaka kamba za kitanda zinalia. Nilikwenda kwa Mganga mchana ule kuomba ufunguo.

"Leo si Jumanne," akasema.

"Ni mdogo wangu, Bwana Mganga."

"Hapa kila mtu ni mdogo wa mtu. Nikikufungulia wewe, nitawaambia nini wengine?"

Nilidhani huo ni uadilifu. Niliondoka nikimheshimu. Naomba mnielewe, hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo kuliko yote, kwamba niliondoka pale nikimheshimu.

Jumanne homa ilikwisha shuka. Nilipaka damu yake mara mbili, nene na nyembamba, nikatafuta hadi shingo ikauma. Hakuna. Nikaandika. Sikudanganya hata herufi moja, na uongo wowote ungekuwa na faida kuliko ukweli ule. Ningeandika malaria, angelala nyumbani. Jumatano Katibu akasoma, na Somoe akachukua jembe, mimba ya miezi saba, akaenda kupalilia mihogo ya kijiji. Alhamisi akaenda. Ijumaa asubuhi homa ikamrudia shambani, na uchungu pamoja nayo.

Mtoto alizaliwa kabla ya sala ya Ijumaa, mdogo kama ndizi ya mkono wa mwisho. Somoe alikuwa anaungua. Nikakimbia kwa Mganga, sasa nikitaka vyote, darubini na penisilini. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda semina Lindi. Ufunguo ulikuwa kwenye mkanda wake, na mkanda ulikuwa kiunoni mwake. Katibu akaniambia gari la kijiji litapatikana Jumatatu. Nilirudi nikakaa na Somoe. Jumapili mtoto akafa. Somoe akaniuliza, "Dada, mimi nina nini?" Nikamwambia sijui. Jumatatu saa nne akafa naye.

Sasa sikilizeni. Kwetu maiti huoshwa juu ya kitanda cha kamba, na chini yake huchimbwa shimo ndani ya chumba, ufuo, la kupokea maji. Mwanamke mmoja akashika jembe dogo akaanza kuchimba pale alipokuwa akilala Somoe. Jembe likavunja sakafu mara ya pili, ya tatu, na udongo ukaanza kutembea. Walitoka katika nyufa, wa rangi ya udongo wenyewe, wengine bapa, wengine wamevimba. Mmoja akapasuka chini ya kidole cha mguu wangu, ikatoka damu. Nilijua ni damu ya nani.

Wanawake wakarudi nyuma. Bibi Salima peke yake hakusogea.

"Hao niliwaweka mimi," akasema. "Niliwamwaga hapa siku alipoingia, chini ya kitanda chake. Nilisema mtoto atakayezaliwa humu asiwe mgeni." Akanitazama. "Mwanangu, si walikuwa wa kumlinda? Mbona hawakumlinda?"

Nilimwosha mdogo wangu. Hasira yangu haikwenda kwa bibi yule, si siku ile wala leo. Alitoa kitu bora alichokuwa nacho, akampa mtu aliyelazimishwa kumpokea.

Niseme kwanza yaliyofuata, yaishe. Baadaye penisilini ya kutosha ililetwa, sakafu zikapuliziwa dawa, vifo vikapungua. Mganga alihamishwa, nasikia kwenda mahali pazuri zaidi. Katika taarifa iliyopelekwa juu, Somoe aliandikwa amekufa kwa uzazi. Niliitwa nibadilishe daftari lilingane, nikakataa, nikarudishwa kufagia mwaka mzima katika zahanati nyingine. Ufagio niliuzoea zamani. Kisha waliniita tena mezani, na miaka iliyobaki mnaijua, wengi mlinikuta. Mnasema sasa mashine zinaukuta uzi mmoja katika tone la damu hata homa ikiwa imeshuka, na watafiti wanawakuta na nyuzi hizo watu tulioandika wana malaria, na wengine tulioandika hawana kitu. Sishangai hata kidogo. Nafurahia mashine. Lakini darubini ya Mzee Mkwanda nayo iliweza, kama ingefunguliwa Ijumaa.

Alhamisi ya wiki ile ya msiba, matanga yalipokwisha, nilikwenda zahanati nikalivunja kufuli la sanduku kwa jiwe la kusagia. Mganga alikuwa hajarudi. Lilivunjika pigo la pili. Kufuli dogo la bati. Ningeweza kulivunja Ijumaa kwa jiwe lile lile, na sikufikiri hata mara moja kulivunja. Watu huniambia nisijilaumu. Wananiambia kwa sababu hawakuliona kufuli lenyewe.

Nilibeba darubini hadi shamba la kijiji. Wanawake walikuwa mistarini. Hadija, yule aliyesomwa siku moja na Somoe, alikuwa amekaa mwisho wa mstari, kanga ameizungushia kichwani katika jua lile, meno yanagongana. Nikaweka darubini juu ya kinu kilichopinduliwa, nikatoboa kidole chake, nikaweka tone bichi bila rangi, nikalifunika kwa kioo chembamba, nikakigeuzia kigae mawinguni.

Katibu akaja. "Dada, pole kwa msiba. Lakini huyu Jumanne ya wiki iliyopita maabara ilisema hakuna."

"Maabara ni mimi. Tazama."

Akainama, akafumba jicho lisilopaswa kufumbwa, akafumbua, akafumba jingine. "Naona kope zangu."

"Sogea nyuma kidogo. Usipumue."

Nikajua ameona, kwa sababu mkono wake uliacha kuwafukuza nzi. Damu mbichi haina haja ya msomi. Nyuzi zilikuwa hai, zinajipindapinda kati ya dengu, zinazisukuma huku na huku.

"Vinacheza," akasema kwa sauti ndogo. "Ni nini hivi?"

"Ni ile homa inayoogopa darubini."

Wanawake wakaweka majembe, wakapanga mstari, kila mmoja akatazama. Wengine walisema astaghfirullahi. Mmoja alisema vinafanana na vibuu vya mtungini. Hadija mwenyewe alitazama damu yake akasema, "Kumbe si uvivu," kisha akakaa chini akalia.

Wa mwisho alikuwa Mfaume. Hakutakiwa shambani siku ile, lakini alikuja, na jembe lake. Alitazama muda mrefu.

"Ndivyo vilivyomuua?"

"Ndivyo."

"Jumanne vilikuwapo?"

"Vilikuwapo mwilini. Kwenye kioo sikuviona. Ijumaa ningeviona."

"Na wewe uliandika hakuna."

"Niliandika hakuna. Mara mbili."

Katibu akataka kusema neno, Mfaume akamwinulia kiganja bila kumtazama. Akanyoosha kidole mbele yangu. Nilipokishika kilikuwa cha moto.

"Mimi nina homa leo," akasema. "Toboa."

Nikatoboa. Nikatazama. Vilikuwapo vingi kuliko vya Hadija.

"Vipo," nikamwambia.

"Andika."

Nikafungua daftari, nikaandika jina lake, na tarehe, na neno hilo. Hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaweka kidole chake chenye damu pembeni ya mstari ule, akakibana, alama ikabaki. Akalaza jembe chini, akamsaidia Hadija kuinuka, wakashika njia ya zahanati, na wanawake wakawafuata. Hakunipa mkono. Nikafunga darubini katika sanduku lisilo na kufuli, nikaenda nyuma yao kuvunja la kabati la dawa.